Mfukia Mashimo wa Mtondooni

Nimesikia watu wakisema kwamba kaka yangu Jefwa aliipenda barabara. Ati ndiye kibarua pekee wa huku Kisauni aliyefika kazini kabla ya nyapara, na jioni wenzake wakishaenda zao yeye akabaki nyuma, amepiga magoti, anashindilia kifusi kwa viganja vyake. Husema hivyo wakicheka, wakidhani wanamsifu. Upuuzi mtupu. Mimi Kahaso, dada yake wa tumbo moja, ndimi niliyekuwa nikimpelekea uji pale kando ya njia miaka sita, na nitasema nilichokiona. Asiyetaka kusikia azibe masikio, simlazimishi mtu.

Mtondooni yetu ilikuwa nyumba kumi na moja. Ukitoka Magogoni ukashika upande wa bahari, ukaivuka mikanju ya korosho, ukaanza kusikia mawimbi kabla hujayaona, basi umefika. Njia zilikuwa mbili, moja ya kisimani na moja ya ufukoni, na upana wake ulikuwa wa mtu mmoja na mzigo wake. Mkikutana, mmoja aliingia majanini, mkaulizana hali, ya nyumbani, ya watoto, ya mbuzi aliyekuwa akichechemea, ndipo mkapishana. Hapakuwa na mtu wa kupita pale bila kujulikana ni nani na anakwenda kwa nani. Ng'ambo ya kisima walikaa kina Bi Mwanarehema, Waswahili wa asili na wavuvi, na makaburi ya wazee wao yalikuwa palepale, yamezungushiwa mawe. Sisi Wagiriama tulikuja kwao baba yetu alipotafuta minazi ya kugema, tukakaa mpaka ugeni ukatutoka.

Jefwa naye alikuwa mgema kabla hajawa kitu kingine chochote. Mdomo wake ulikuwa mzito. Ungeweza kukaa naye tangu asubuhi hata adhuhuri asikwambie ila "ndiyo" na "tutaona". Mkewe Jumwa ndiye aliyesema kwa niaba ya wote wawili. Alikuwa mfupi, mnene, mcheshi, hana siri hata moja. Akisimama chini ya mnazi kumwita mumewe aliye juu, nyumba zote kumi na moja zilijua kilichopikwa siku hiyo na kama kimeungua. Nilimpenda, nasema wazi. Mawifi wengi hawapikiki chungu kimoja, lakini yule, nilipoachwa na mume nikarudi nyumbani na kisanduku changu kichwani, alinipokea mzigo na kuniambia nimechelewa, mchicha unanyauka, nani atauchuma. Hakuniuliza neno jingine siku hiyo wala siku zilizofuata.

Mwaka wa thelathini na mbili uchungu wa kuzaa ulimshika Jumwa siku tatu. Mkunga akasema ujuzi wake umefika mwisho. Jefwa na wanaume watatu wakamlaza kitandani, wakakitwika kitanda mabegani wampeleke hospitali kisiwani. Mchanga wa njia yetu ulizamisha mguu hadi kifundoni, na kitanda hakikuenea baina ya vichaka; kila hatua kadhaa iliwabidi wakiinamishe ubavu, na yeye juu yake amejishikilia. Hawakufika hata kwenye daraja la kuvukia kisiwani. Alikata roho njiani na mtoto yumo tumboni. Nilikiona kitanda kikirudi mapema mno, na sikuhitaji kuuliza.

Tulimzika nyuma ya nyumba, baina ya jiko na kitalu cha mchicha, kama Wagiriama wanavyozika, mtu alale karibu na walio wake. Mwaka haujatimia Jefwa akaanza kumwota. Jumwa alimjia akilalamika baridi. Kwetu jambo hilo lina dawa yake: unachonga kijiti cha mti mgumu, unakitia shingo na kichwa, unakisimamisha penye kaburi, unakifunga kitambaa, na mara mojamoja unamwaga tembo na unga kidogo ukimpa marehemu habari za nyumbani. Kijiti hicho ndicho koma. Jefwa alichonga ya Jumwa kwa mkono wake, akaifunga kipande cha leso ya mkewe ya buluu. Ndoto zikaisha.

Baadaye tulibatizwa, yeye na mimi, kanisa la makuti liliposimamishwa Magogoni. Hatukulazimishwa. Mwalimu Nicanor, mtu wa Rabai, ndiye aliyekuwa akilichunga kanisa, na Jefwa alipougua homa mbaya alikuja akamwuguza, akamfulia hata shuka. Jefwa si mtu wa kusahau jambo kama hilo. Akapewa jina Absalom, mimi nikaitwa Milcah, jina lililonifaa Jumapili tu. Akaacha kugema, akaanza kusuka makuti ya kuuza, na kanisani akapewa kazi ya kugonga kipande cha reli kilichokuwa kengele yetu. Aliacha mnazi mmoja tu, akasema ni wa tembo la kuumulia vitumbua. Nani alipika vitumbua mle ndani? Mimi sikupika. Nilijua lilikokwenda lile tembo, nikanyamaza.

Kisha likatokea la Chengo. Huyu alikuwa Mkristo mwenzetu wa Magogoni, akaonekana akimwagia tembo koma ya babake. Mwalimu Nicanor akamsimamisha mbele ya watu wote, akamkataza meza ya Bwana mwaka mzima, na koma ikachomwa uani mwa kanisa huku sisi tukiimba. Jefwa ndiye aliyetumwa kuleta makuti ya kuwashia moto. Aliyaleta. Jioni ile aliporudi alianza kujenga banda la kuku, kubwa kuliko kuku aliokuwa nao, na alipolimaliza lilikuwa limefunika kaburi la Jumwa na koma yake. Ukiinama kuokota mayai uliona kuku wanne na, nyuma yao, kitambaa cha buluu.

Hivyo ndivyo tulivyoishi, na ningeweza kusema tuliishi vizuri, mpaka vita vya Wazungu vilipoingia mwaka wa nne. Kilindini ilijaa manowari. Ikasemekana jeshi linataka kambi na mizinga kwenye ufuko wetu, na mizinga haibebwi kichwani. Ikaja barabara. Ilichomoza kutoka njia ya Malindi, ikapita Magogoni, ikatuelekea sisi. Mbele yake walikuja watu na minyororo ya kupimia, na darubini ya miguu mitatu, na vigingi vyenye vitambaa vyekundu. Mzungu wao hakusema na mtu. Aliyesema ni karani wake, Justus, kijana wa bara, Kiswahili chake kikavu kama muhogo wa juzi, lakini adabu alikuwa nayo.

Wengi Mtondooni walinuna. Jefwa hakununa. Alisimama akavitazama vile vigingi muda mrefu, halafu akaniambia, "Kahaso, ingalikuwapo hii mwaka ule, Jumwa angalifika." Na ilikuwa kweli.

Vigingi vya kwanza vilipita kwa Bi Mwanarehema, katikati ya makaburi. Yule mama alikuwa amekwisha kula miaka sabini. Alijifunga leso kiunoni, akaenda akaketi juu ya kaburi la babake, akamwambia karani, hapa amelala fulani, na hapa fulani, na hapo penye nafasi nitalala mimi, andika. Karani akaandika. Mzungu akachungulia darubini yake, akanung'unika, na kesho yake vigingi viling'olewa vikasogezwa upande wa kusini. Tulimsifu sana Bi Mwanarehema. Kusini ni kwetu. Kitambaa chekundu kimoja kilikuwa mbele ya jiko letu na cha pili nyuma ya banda la kuku.

Alhamisi, saa tatu ya asubuhi, karani akaja na daftari lake. Alikuwa amefuatana na Mwalimu Nicanor, kwa sababu wazee wengi hawakukisikia Kiswahili cha karani na Mwalimu alikuwa akiwafasiria. Nyuma yao walifuata majirani, nusu yao watu wa kanisani, maana siku hizo jambo la mmoja lilikuwa la wote. Karani aliuliza aliyoyauliza kila nyumba: minazi mingapi, vibanda vingapi, kisima kipo, kaburi lipo?

Jefwa akamtazama Mwalimu. Halafu akatazama chini.

"Kaburi hakuna hapa," akasema. "Sisi ni Wakristo. Wetu wamelala kanisani."

Karani hakuandika papo hapo. Alimwambia kwa upole, "Mzee, una hakika? Ukisema lipo, naandika, njia itapinda tena. Nikishaandika halipo, hakuna wa kunifutia."

"Halipo."

Na mimi nilikuwa mlangoni na ungo mkononi, napepeta mchele niliokwisha kuupepeta.

Walipoondoka nilimtolea uvivu kaka yangu. Nilimwambia yote, mengine siyarudii. Nilimwuliza ni mume gani anayemkana mkewe baina ya jiko na kuku. Aliniacha niseme mpaka nikaishiwa, kisha akasema maneno mengi kuliko aliyowahi kuniambia kwa siku moja. "Nikitaja kaburi, watataka walione. Wakiliona wataiona koma. Wataichoma mbele ya watu, Kahaso, na mimi ndiye nitakayetumwa makuti." Nikamwambia basi aing'oe kwanza, aifiche. Akanitazama kama mtu aliyeona mwehu. Koma haing'olewi na mkono mmoja. Huitiwa wazee, humwagiwa tembo, huelezwa inakopelekwa, ili aliyelala akubali kufuata. Ukiing'oa kimyakimya umemwacha mtu wako njiani. Na kuita wazee ni kutangaza. Kaka yangu alikuwa amejifunga mwenyewe pande zote, na kamba alizisokota kwa vidole vyake.

Bado palikuwa na wiki saba kabla kazi haijafika kwetu, na kila siku nilijua anafikiri kwenda kwa karani. Siku moja alivaa kanzu yake ya kanisani akaenda kweli, mpaka hema la kazi kule Magogoni. Moyo wangu ukatulia kidogo, nikabandika maji ya chai. Alirudi na kiberiti mkononi. Kumbe alipofika mlangoni pa hema alimkuta Mwalimu Nicanor ameketi na karani, anawasomea vibarua barua za kwao, na Mwalimu akainua uso akamwuliza, "Absalom, kuna shida?" Akajibu amekuja kuomba kiberiti. Tulikuwa na viberiti vitatu ndani.

Utaniuliza, na wewe Kahaso, huna mdomo? Ninao, na Mtondooni nzima walijua ninao. Ningeweza kwenda kwa karani mwenyewe. Lakini Pasaka ilikuwa karibu, na mimi ndimi niliyewaongoza akina mama kuimba. Nilisimama mbele, peke yangu, na kitambaa cheupe kichwani, mimi niliyerudishwa na mume, na watu wakanitazama kwa heshima. Nilikipenda kile kisimamo. Sina sababu nyingine nzuri zaidi ya hiyo, na nimeitafuta.

Mwezi wa tatu mtambo ukafika, kitu cha chuma chenye minyororo miguuni na bamba kubwa mbele. Tuliamriwa kutoa vyombo. Nyumba ilisalimika kwa hatua chache, lakini minazi ilianguka mmoja baada ya mmoja, na kila ulioanguka ulitikisa ardhi chini ya nyayo zetu. Jiko likaenda. Jefwa alikuwa amesimama na kuku wawili kwapani. Banda lilisukumwa mara moja tu, likawa takataka.

Ndipo kibarua mmoja akainua mkono, na mtambo ukasita. Alikuwa Mgiriama, si wa kwetu, labda wa Kaloleni. Akainama kwenye kifusi akatoa koma ya Jumwa, na kile kitambaa cha buluu kimeshikana na samadi ya kuku. Alijua ameshika nini. Akaiinua juu.

"Ya nani hii? Mwenyewe aje aichukue."

Tulikuwa watu kama thelathini. Akauliza tena, mara hii kwa Kigiriama, taratibu, kama mtu anayekupa nafasi ya mwisho. Nilimtazama kaka yangu. Kuku walikuwa wakipapatika kwapani mwake na yeye amewabana, anatazama miguu yake. Nami nikatazama yangu. Yule kibarua alingoja sana, Mungu amjalie, alingoja mpaka nyapara akamkemea. Akaiweka koma taratibu juu ya lundo la mizizi. Saa tisa nyapara akalitia lundo moto. Mtambo ulikuwa umekwisha kupita pale mara tatu.

Jefwa aliingia ndani akalala, hakula siku ile wala ya pili. Siku ya tatu Mwalimu Nicanor akaja kutupa pole. Alidhani ni uchungu wa minazi. Aliketi nami barazani, akaanza kunieleza habari za Ayubu, mali zake na mifugo yake, na hapo ndipo nilipopasuka. Nikamwambia, Mwalimu, si minazi. Nikamwambia Jumwa alikuwa pale.

"Kaburi?" akauliza. "Palikuwa na kaburi, na Absalom akasema hapana?"

Nikamwambia, kwa sababu ya koma, Mwalimu. Kwa sababu ya Chengo.

Uso wake ulikuwa umebadilika rangi. "Milcah," akasema, "baba yangu mzazi alikufa hajabatizwa. Amelala nyuma ya nyumba yetu Rabai, na kila nikienda napalilia. Kaburi si dhambi. Koma ningemwambia aitoe, naam, ningemwambia. Lakini kaburi ningekwenda mwenyewe kumwonyesha yule Mzungu, siku ileile, na daftari lilikuwa bado wazi."

Ukuta wetu ulikuwa wa udongo na fito. Jefwa alikuwa upande wa pili, macho wazi. Alisikia kila neno.

Sitamsingizia Mwalimu. Aliondoka pale akaenda moja kwa moja kwenye hema, na kutoka hemani mpaka kwa mkubwa wa jeshi. Alijibiwa kwamba kifusi kimekwisha kushindiliwa, mizinga iko njiani, na vita havingoji. Akarudi akatuambia, akasimama uani hajui aweke wapi mikono yake. Jumapili iliyofuata hakuna aliyegonga reli Magogoni. Watu walichelewa ibadani.

Wiki ya pili Jefwa alikwenda kwa nyapara akaomba kazi ya kutengeneza barabara. Mtondooni wakamsema vibaya. Wakasema amekula njama, ndiyo maana aliikubali njia ipite uani mwake. Hakujitetea. Alipewa koleo, karai, na kibendera chekundu cha kuyasimamisha magari, na sehemu ya kuangalia kuanzia kisimani hadi ufukoni. Mimi peke yangu nilielewa. Hapakuwa tena na njia nyingine ya mtu kusimama mahali pale kila siku, ameshika koleo, bila ya kuulizwa anafanya nini.

Barabara yenyewe ilikuwa ya kifusi cha matumbawe, nyeupe, inaumiza macho mchana. Malori ya askari yalipita kutwa, na vumbi lake likatanda juu ya majani, juu ya dagaa walioanikwa, juu ya nywele za watoto. Samaki waliokuwa wakigawiwa nyumba kwa nyumba sasa walipandishwa lori wangali wanatapatapa, na sisi tulionusa harufu yao asubuhi tukala mchicha jioni. Wanaume vijana walidandia malori hayohayo, wakaenda kubeba mizigo bandarini. Mwanzo walirudi kila Jumamosi, halafu kila mwezi, halafu tukazoea. Makaburi ya kina Bi Mwanarehema yalisalimika, lakini madereva waligeuza magari pale, wakaketi juu ya mawe wakila mikate yao ya kopo. Aliwafukuza kwa bakora yake mpaka nguvu zikamwishia, akahamia kwa jamaa zake Jomvu Kuu, akafia huko, akazikwa huko. Ile nafasi yake karani aliyoiandika imekaa tupu.

Na sitaficha jambo jingine, maana nisije nikaitwa mwongo. Mwaka wa arobaini na sita, jirani yetu kijana, Kafedha, alishikwa na uchungu na mtoto akakaa vibaya. Jefwa ndiye aliyesimama katikati ya barabara na kibendera chake akalizuia lori la saruji. Alimpandisha Kafedha kwa mikono yake mwenyewe. Walifika hospitali kabla jua halijazama, na akajifungua pacha, wote wazima. Jefwa alipoletewa habari alisema "tutaona", akaendelea na koleo lake. Lakini jioni nilipomfuata na uji nilimkuta amepiga magoti mahali pale, kiganja kimeshikilia kifusi, anazungumza. Alikuwa akimweleza Jumwa habari za pacha. Akamweleza na habari zangu, kwamba nimegombana na mwuza nazi tena na kwamba nimezeeka vibaya. Nilijirudia nyuma kimyakimya nikakohoa kwa mbali, ndipo nikaja.

Alijuaje ni pale? Kila masika palijionyesha. Mvua ikishika siku mbili tatu, barabara yote ilikaa sawa isipokuwa mahali pamoja, urefu wa mtu na upana wa mtu, palipozama kidogo na kutuamisha maji. Madereva walipatukana. Nyapara alidhani ni kifusi kibaya. Jefwa alikifagia kile kidimbwi, akajaza matumbawe mapya aliyoyaponda yeye mwenyewe yakawa laini, akayashindilia kwa viganja, wala hakumruhusu mwenzake yeyote kusaidia. Mwaka uliofuata pakazama tena. Nami nikawa najua, nikiteremka na kibuyu cha uji, kwamba nikifika penye unyevu nimefika kwa wifi yangu. Uone mambo tuliyobaki kufurahia.

Vita viliisha, jeshi likaondoka, sisi tukadhani barabara itaota majani. Badala yake walikuja matajiri kutoka kisiwani, wakapima ufuko vipande vipande, wakazungusha seng'enge. Njia yetu ya kwenda baharini ikaishia kwenye waya. Nyumba kumi na moja zikawa nne. Ngala, aliyekuwa mvuvi wa mwisho, aliuvuta mtumbwi wake mpaka uani kwake, akafugia bata ndani. Mwaka wa arobaini na tisa, kwa ajili ya magari ya hao matajiri, yakaletwa mapipa ya lami.

Nyapara alimwita Jefwa mbele ya wenzake, akamsifu kwamba hakuna sehemu iliyotunzwa kama yake, na kwamba sasa anaweza kupumzika, barabara ya lami haihitaji mtu wa kufukia mashimo kila siku. Walimpa barua ya sifa. Aliikunja akaitia mfukoni. Siku nne alikaa barazani akalitazama lile gari zito la kushindilia likienda na kurudi, na moshi wa lami ukaingia mpaka kwenye chungu changu.

Masika yalipokuja tulingoja. Mvua ilinyesha juma zima. Siku ilipoanua, Jefwa aliniita, tukaenda pamoja barabarani. Ilikuwa nyeusi, inang'aa, imelala sawa kuanzia kisimani hadi kwenye seng'enge, na maji yote yamekwisha kutiririka mitaroni. Minazi ambayo ingetuonyesha ilikuwa imekatwa zamani. Jiko letu halikuwapo, na ua wetu ulikuwa umesogezwa mara mbili kupisha mtaro. Jefwa alitembea kwenda, akatembea kurudi. Aliinama akapapasa lami kwa kiganja, akasogea hatua, akapapasa tena. Gari moja lilipiga honi, akapisha, likapita, akarudi katikati. Sijapata kumwona kaka yangu akilia, hata siku kile kitanda kiliporudi, lakini siku ile alilia hadharani, kamasi zikamtoka kama mtoto, na hakujifuta.

"Kahaso," akaniambia, "ni hapa au ni pale? Wewe ulikuwa ukija kila siku. Ni wapi?"

Nilitazama huku, nikatazama kule. Miaka sita ya kuleta uji, na sikujua. Kote kulikuwa kumoja.

Nikanyoosha kidole, nikasema, "Pale." Akaenda akasimama pale nilipoonyesha, akavua kofia. Tangu siku ile mpaka alipokufa, kila alfajiri alikuwa akienda kusimama palepale. Hakuniuliza tena kama nina hakika. Aliniamini.